Mjenzi wa Majumba ya Watawala na Makaburi ya Askari

Anayetoka Bujumbura kwa barabara ya kusini, ziwa likiwa mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto, hufika Mugere baada ya mwendo mfupi. Hapo pana jiwe kubwa ambalo wageni wengi hupelekwa kulitazama. Juu yake yamechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wazungu hao wawili walipita hapo wakiwa safarini kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wakitafuta kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Waliukuta unaingia.

Lakini Livingstone na Stanley hawakupiga makasia wenyewe. Walikuwa na wapiga makasia, mpishi, waongoza njia na watu wa kubeba mahema. Hao wote walilala pale pale, wakala chakula kile kile, na hatari ikawa ile ile. Majina yao hayamo katika jiwe.

Ndugu askari, na nyinyi ndugu polisi, jiwe hilo limetufanya tuulize swali ambalo linamhusu kila mtu avaaye sare: ni nani anayeamua jina gani lichongwe na jina gani liachwe? Katika kulitafutia jibu tumekutana na habari za mtu mmoja ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa mawe na majina. Mtu huyo ni Sir Herbert Baker, Mwingereza, msanifu majengo. Aliwajengea watawala majumba ya fahari kuanzia Pretoria hadi New Delhi, na Nairobi pia. Kadhalika aliwajengea askari waliokufa vitani makaburi yao. Leo tunamweleza yeye, kwa wema wake na kwa upungufu wake, maana wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

KIJANA WA KENT

Herbert Baker alizaliwa mwaka 1862 huko Cobham, katika jimbo la Kent, kusini mwa Uingereza. Alijifunza usanifu kama ulivyofundishwa zamani, yaani kwa kukaa chini ya fundi na kuchora mchana kutwa hadi mkono ukazoea. Mwaka 1892 alipanda meli kwenda Afrika Kusini. Haukupita muda mrefu akajuana na Cecil Rhodes, Waziri Mkuu wa Koloni la Rasi, tajiri wa almasi na mtu mwenye tamaa ya kuitawala Afrika kutoka kusini hadi kaskazini. Rhodes alimpa kazi ya kuitengeneza upya nyumba yake iitwayo Groote Schuur, na ilipoungua moto mwaka 1896, Baker akaijenga tena.

Mwaka 1900 Rhodes alimgharimia safari ya kwenda Ugiriki, Italia na Misri ili akayaone kwa macho yake majengo ya kale. Safari hiyo ndiyo iliyompa Baker mtindo wake. Mtindo huo ni wa kuyafufua mambo ya Wagiriki na Warumi: nguzo za mawe zilizopangwa kwa safu, kuba, matao, na ulinganifu, yaani upande wa kulia wa jengo uwe sawa na upande wa kushoto kama mikono miwili ya mtu mmoja. Askari ataufahamu upesi mtindo huu, kwa kuwa unafanana na gwaride. Nguzo zimesimama kwa safu, nafasi kati yao ni sawa, na jicho linaongozwa hadi katikati, mahali anapokaa mkubwa.

Wala hilo halikutokea kwa bahati tu. Watawala wa ukoloni waliupenda mtindo huo kwa sababu unasema bila kinywa kwamba mwenye jumba hili ana nguvu, naye amekuja kukaa. Baker mwenyewe aliamini hivyo. Alikuwa rafiki wa Rhodes na wa Lord Milner, na hakuficha imani yake kwamba ufalme wa Waingereza ulikuwa jambo jema la kudumu.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kunakili tu. Alijua kwamba jua la Afrika si jua la Ulaya. Kwa hiyo alizipa nyumba zake baraza pana zenye kivuli, na nyua za ndani za kupitisha upepo, na alipenda jiwe lichimbwe karibu na mahali pa kujengea.

KILIMA CHA PRETORIA

Kazi iliyomtangaza ni Union Buildings, makao ya serikali ya Afrika Kusini katika mji wa Pretoria. Ilijengwa kati ya mwaka 1910 na 1913 juu ya kilima kiitwacho Meintjieskop. Jengo lina mabawa mawili yaliyo sawa, na kila bawa lina mnara wake. Katikati nguzo zimepinda kama upinde, na mbele yake ngazi na bustani zinashuka hadi bondeni.

Mabawa hayo mawili yalikuwa na maana yake. Yaliwakilisha mataifa mawili yaliyopigana katika vita vya mwaka 1899 hadi 1902, yaani Waingereza na Makaburu, ambayo sasa yameunganishwa kuwa dola moja. Msomaji atauliza: na Waafrika, ambao ndio waliokuwa wengi kuliko hao wote, bawa lao liko wapi? Halikuwapo. Katika mpango ule mwenye nchi alipewa nafasi ya mtazamaji.

Lakini jengo halimtii mjenzi wake milele. Tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 walizipanda ngazi zile za Baker kupinga sheria ya pasi, wakasimama kimya mbele ya milango ya watawala. Na tarehe 10 Mei 1994, mahali pale pale, Nelson Mandela aliapishwa kuwa Rais. Mwezi Desemba 2013 maiti yake ililazwa hapo ili wananchi waiage. Kuta ni zile zile, nguzo ni zile zile, ila mwenye nyumba amebadilika.

UGOMVI WA DELHI

Mwaka 1913 Baker aliitwa India kushirikiana na msanifu mwenziwe, Edwin Lutyens, katika kuujenga mji mkuu mpya. Lutyens alipewa jumba la mwakilishi wa mfalme. Baker akapewa majengo mawili ya ofisi za serikali yaliyoelekeana, na baadaye jengo la duara la Bunge, lililofunguliwa mwaka 1927.

Hapa pana kisa ambacho kila afisa aliyefundishwa kusoma ramani atakicheka kwa huruma. Majengo yote hayo yaliwekwa juu ya kilima cha Raisina, ofisi za Baker zikiwa mbele na jumba la Lutyens nyuma. Lutyens alitia sahihi makubaliano juu ya mteremko wa barabara ya kupandia. Kazi ilipoendelea ndipo alipotambua kwamba mtu anayeikaribia barabara hiyo kutoka chini haoni jumba lake. Kilima kinalificha, na kinachobaki machoni ni sehemu ya kuba tu. Sisi tulipokuwa makadeti tulifundishwa kuitafuta ardhi ya namna hiyo kwenye ramani, iliyofichika nyuma ya mwinuko, kwa sababu ndiyo humsitiri adui. Lutyens hakuitafuta mapema. Alidai barabara ichimbwe upya, akakataliwa kwa sababu ya gharama. Urafiki wa miaka mingi ukavunjika. Lutyens alisema kwamba ameshindwa kama Napoleon alivyoshindwa Waterloo, ila vita vyake yeye viliitwa Bakerloo.

Funzo ni dogo lakini lafaa: usitie sahihi kabla hujakwenda mwenyewe kuitazama ardhi.

NAIROBI NA MOMBASA

Mwaka 1925 Gavana wa Kenya, Sir Edward Grigg, alimwalika Baker Afrika ya Mashariki. Baker alichora nyumba ya Gavana ya Nairobi, na ya Mombasa pia. Kazi ya kila siku ya usimamizi alimwachia msaidizi wake, Jan Hoogterp. Nyumba ya Nairobi inafuata mfano wa Palladio, mjenzi wa Italia wa karne ya 16, mwenye sifa ya nguzo za mbele na vyumba vilivyopangwa kwa ulinganifu. Leo nyumba hiyo ni Ikulu ya Kenya, na ile ya Mombasa ni Ikulu ndogo. Baker alichora pia shule ya wavulana wa Kizungu iliyofunguliwa mwaka 1931, ambayo siku hizi huitwa Nairobi School na husomesha watoto wa Kenya. Jengo la mahakama la katikati ya mji, lililojengwa miaka ya 1930 na lenye safu ya nguzo mbele, ndiyo makao ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo.

Tazama basi mambo yalivyogeuka. Langoni pa Gavana aliyewekwa na mfalme wa ng'ambo, sasa askari wa Kenya anampigia saluti Rais wa Kenya. Hakuna aliyebomoa nguzo hata moja. Mwenye busara hachomi nyumba nzuri kwa sababu ya chuki yake kwa mpangaji aliyehama.

Habari za majumba zingeweza kuishia hapo. Lakini kwa askari, kazi kubwa ya Baker haimo katika majumba ya walio hai.

MAKABURI YA ASKARI

Mwaka 1917, vita vya kwanza vya dunia vikiwa bado vinawaka, Waingereza waliunda Tume ya Makaburi ya Vita. Tume iliweka kanuni iliyokuwa mpya kabisa: jenerali na askari wa kawaida watapata jiwe la namna moja, lenye kipimo kimoja, asiyeonekana maiti yake ataandikwa jina kwenye ukuta, na hapatakuwa na ubaguzi wa cheo, rangi wala dini. Kabla ya hapo, katika vita vingi vya Ulaya, afisa alizikwa kwa heshima na askari akatupwa shimoni pamoja na wenziwe. Wasanifu wakuu watatu walichaguliwa kwa ajili ya Ufaransa na Ubelgiji: Lutyens, Reginald Blomfield, na Baker.

Huko Ubelgiji, karibu na kijiji cha Passchendaele, Baker alijenga makaburi ya Tyne Cot. Hapo wamelala askari karibu 12,000, na katika hao zaidi ya 8,300 hawakutambulika ni akina nani. Nyuma yao umesimama ukuta mrefu uliopinda, wenye majina karibu 35,000 ya wale ambao maiti zao hazikuonekana. Katikati ya makaburi ilikuwapo ngome ndogo ya saruji ya Wajerumani, iliyotekwa kwa damu nyingi. Mfalme George wa Tano alipozuru mahali hapo mwaka 1922 alishauri isivunjwe, bali msalaba mkubwa wa ukumbusho usimamishwe juu yake. Baker akafanya hivyo, na chini ya msalaba saruji ile bado ipo.

Kazi nyingine iko Neuve-Chapelle, Ufaransa, mahali ambapo askari wa India walipigana vikali mwezi Machi 1915. Baker aliwajengea duara la ukuta, na nguzo ndefu yenye kichwa cha ua la yungiyungi, huku chui milia wawili wa mawe wakiilinda. Alitumia ufundi aliojifunza India kwa ajili ya watu wa India. Ukumbusho huo ulizinduliwa mwaka 1927. Ukutani yamo majina ya Wahindi zaidi ya 4,700. Na hapa tunaomba msomaji asimame kidogo: miongoni mwao wamo askari, na wamo pia vibarua. Aliyebeba bunduki na aliyebeba mzigo wamechongwa katika jiwe moja.

Kwa hiyo iliwezekana.

NA HUKU KWETU JE?

Mwezi Oktoba 1917, siku zile zile ambazo matope ya Passchendaele yalikuwa yakimeza watu, vita vilikuwa vikiendelea pia kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania. Waingereza na Wajerumani walipigana Mahiwa kwa siku nne, na vikosi vya Wabelgiji viliiteka Mahenge. Vikosi vya Wabelgiji ndivyo vilivyoingia Usumbura, Bujumbura yetu ya leo, mwezi Juni 1916, vikapita hadi kuitwaa Tabora mwezi Septemba. Hapakuwa na magari ya kutosha, na ndorobo aliua wanyama wa kubeba mizigo. Risasi, unga, dawa, hata vipande vya mizinga, vyote vilikwenda juu ya vichwa vya watu.

Watu hao waliitwa wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake, waliokufa wanakadiriwa kukaribia 100,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, njaa na uchovu. Kumbukumbu yao iliyo dhahiri zaidi haimo katika jiwe bali katika ndimi za watu: mtaa wa Kariakoo wa Dar es Salaam na ule wa Kariokor wa Nairobi umetokana na jina la jeshi lao la wapagazi, lilivyotamkwa kwa Kiswahili.

Wakati Baker akichora nyumba ya Gavana, katika miaka hiyo hiyo ya 1920, mchonga sanamu James Alexander Stevenson alitengeneza sanamu za ukumbusho kwa ajili ya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ile ya Nairobi ina watu watatu wa shaba, na mmoja wao ni mpagazi. Maneno yaliandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Ni sanamu nzuri, nasi hatuzidharau. Lakini jina la mtu hata mmoja halimo. Sanamu moja ilitumwa kuwasimamia watu elfu nyingi, kana kwamba mama zao walizaa mtoto mmoja tu.

Je, kosa ni la Baker? La hasha. Yeye alikuwa msanifu wa Ufaransa na Ubelgiji, na wala si yeye aliyeamua mambo ya Afrika ya Mashariki. Waliamua maofisa wa Tume na wa serikali za kikoloni. Mwezi Aprili 2021, Tume yenyewe, ambayo siku hizi ni ya nchi za Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ya kukiri. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wakiwa Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mahali pengine orodha zilipotea au hazikuandikwa. Mahali pengine maofisa walikata shauri tu kwamba Mwafrika hana haja ya jiwe lenye jina lake. Tume iliomba radhi, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi.

Kanuni ya usawa ilikuwapo kwenye karatasi tangu mwanzo. Kilichokosekana ni watu wa kuitii pale ambapo hapakuwa na mtu wa kuwauliza.

MWISHO WA MJENZI

Baker alipewa cheo cha Sir mwaka 1926. Katika London alijenga South Africa House, na aliijenga upya Benki ya Uingereza, kazi iliyomletea lawama kwa kuwa alibomoa sehemu kubwa ya kazi nzuri ya msanifu wa zamani, John Soane. Yeye aliyewajengea wengine ili wakumbukwe, alifuta ukumbusho wa mwenziwe. Binadamu ndivyo alivyo. Alifariki mwezi Februari 1946 huko huko Cobham alikozaliwa, na majivu yake yakawekwa katika kanisa la Westminster Abbey. Mwaka mmoja baadaye India ilijitawala, na majengo yake ya Delhi yakapandishwa bendera nyingine.

Mwezi Januari 2025, katika mji wa Cape Town alikoanzia kazi zake za Afrika, Tume ilizindua ukumbusho mpya. Hauna kuba wala nguzo za Kirumi. Ni miti ya mvule iliyosimamishwa bustanini, kila mti na jina la mtu na tarehe ya kufa kwake. Watu hao ni 1,772, wengi wao Waafrika weusi wa vikosi vya kazi vya Afrika Kusini waliokufa katika vita vile. Miaka zaidi ya 100 ilipita kabla ya kila mmoja kupata mti wake.

Watu hao 1,772 walipatikana kwa sababu gani? Kwa sababu palikuwa na daftari. Karani fulani, jina lake hatulijui, aliandika jina, namba, kikosi na siku ya kufa, akalifunga daftari likahifadhiwa. Bila karani huyo, hata msanifu hodari kuliko wote duniani hana la kuchonga.

Hivyo wewe unayeshika daftari la kikosi au la kituo, usiione kazi yako kuwa ndogo. Unapoandika jina la mwenzako kwa herufi zilizo wazi, na kijiji chake, na jina la baba yake, unafanya nusu ya kwanza ya kazi ya Herbert Baker. Na anayelitupia macho jiwe la Mugere aendapo kusini, ayasome majina mawili yaliyopo. Kisha awakumbuke na wapiga makasia, ambao hakuna aliyewaandika.